Kadi ya reidi ilipokufa, diski mbili zikakosa wa kuzifungua

Seva ile ililia wiki saba. Piii, kimya, piii, kimya, usiku na mchana, ndani ya kichumba kilicho nyuma ya mapokezi ya zahanati moja hapa Ngamiani, Tanga. Kila aliyeusikia mlio alisema ni UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, kwa kuwa UPS ndiyo inayolia maofisini humu mjini umeme unapoyumba, na siku hizo ulikuwa ukiyumba kweli. Mlio ulianza kwenye kumi la mwisho la Ramadhani. Binti wa mapokezi akafunga mlango wa kichumba, akaziba na mwanya wa chini kwa kanga kuukuu, wagonjwa wapumzike na kelele.

Mimi niliitwa siku mlio ulipokoma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Afadhali umefika. Kile kidude kimenyamaza, na kompyuta za mapokezi nazo haziamki."

Mzee ndiye mwenye zahanati. Ni tabibu wa siku nyingi, na mwaka ule aliponikubalia tuache kadi za karatasi aliniambia anakabidhi mikononi mwangu watoto wa watu. Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Ndani ya seva mlikuwa na chanjo za watoto, vipimo vya sukari vya wazee wa Makorora, madeni ya dawa, kila kitu.

Nayaandika haya leo kwa sababu wiki iliyopita kijana mmoja niliyemfundisha kazi, ambaye sasa yuko Pangani, alinipigia simu: "Dada, shule imeniagiza seva. Niweke kadi ya reidi, au niiache Linux ifanye yenyewe?" Nikamjibu kwa neno moja. Akataka sababu, na sababu haikuenea kwenye simu.

Kwa asiye fundi, jambo lenyewe ni hili. Diski za kompyuta hufa. Hakuna isiyokufa, tofauti ni lini. Kwa hiyo kwenye seva unaweka diski mbili, na kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa papo hapo kwenye ya pili, kama mtu na sura yake kiooni. Moja ikifa, ya pili inaendelea na kazi, nawe unapata nafasi ya kutafuta nyingine bila ofisi kusimama. Mafundi tunaita reidi moja. Jina hilo, RAID, lilitoka Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, mwaka 1988, katika andiko la David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz. Hoja yao ilikuwa kwamba kundi la diski ndogo za bei nafuu linaweza kuishinda diski moja kubwa ya bei kali, na ile herufi ya I kwenye jina ilisimama kwa huo unafuu wa bei. Kioo wakakiweka daraja la kwanza, wakasema wazi kwamba ndicho chenye gharama kuliko madaraja mengine, maana nusu ya diski zako zinakwenda kwenye nakala. Baadaye wauzaji wakaibadili ile I, ikawa ni diski "zinazojitegemea". Mimi nashika ya zamani, kwa sababu Tanga tunanunua kwa fedha tunayoihesabu.

Sasa, nani anaandika mara mbili? Anaweza kuwa kadi maalumu iliyochomekwa kwenye mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta, yenye akili yake na kumbukumbu yake, ambayo mfumo endeshi unaiona kama diski moja tu wala haujui kuna pacha nyuma. Au anaweza kuwa mfumo endeshi wenyewe, kama Linux, kwa programu, ukiziona diski zote mbili na kuzipelekea kila kitu mara mbili. Watu hubishana sana hapo juu ya kasi. Kwenye kioo ubishi huo hauna uzito mkubwa: hakuna hesabu ya kupiga, ni kupeleka data ile ile sehemu mbili, na kompyuta ya leo hata haishtuki.

Seva ya zahanati iliwekewa kadi. Aliyeiweka ni fundi mwingine, aliiweka kwa ustadi na sina la kumlaumu.

Nilipoivua kanga mlangoni, joto la kichumba likanipiga usoni kama la tanuri ya mikate. Nikafungua seva. Kwenye chuma cha kupoozea cha kadi, vumbi lilikuwa limeshikana na unyevu likawa kama utando wa kahawa. Huku kwetu chumvi inaruka na upepo wa bahari na kuingia kila mahali. Kompyuta iliyokaa Raskazone miaka mitatu, ukiifungua, skrubu zake utazikuta na kutu. Nikaiwasha. Feni zikazunguka, taa zikawaka, lakini pale ambapo kadi hujitambulisha kwa mstari wake wa kwanza kabla mfumo endeshi haujaanza, pakawa patupu. Nikaihamisha tundu, nikasugua miguu yake ya shaba kwa kifutio na spiriti, nikairudisha. Patupu vile vile. Kadi ilikuwa imekufa.

"Diski je?" mzee akauliza.

"Nadhani nzima, mzee. Nasikia zinazunguka."

"Basi si uzichomeke kwenye ile kompyuta ya mapokezi, tupate majina."

Nikachomoa diski moja nikamwonyesha mdomo wake. Diski ya kompyuta ya kawaida, ya SATA, ina vipande viwili vya pini, kirefu cha umeme na kifupi cha data, na katikati kuna pengo. Hizi zilikuwa za SAS, za seva kubwa. Kwenye SAS lile pengo limezibwa kwa plastiki, na upande wa nyuma wa hiyo plastiki kuna pini nyingine saba. Kebo ya SATA inafika pale inagonga ukuta. Waliozibuni walikusudia hivyo: diski ya SATA hukaa kwenye seva ya SAS, ya SAS haikai kwenye kompyuta ya SATA. Nikamwekea kebo mdomoni, nikasukuma kidogo, aone mwenyewe kwamba haiingii.

Akatazama zile diski mbili juu ya meza, kisha akanitazama mimi.

"Basi mbili za nini?"

Sikuwa na jibu la kumpa siku ile.

Nilizunguka mji. Chumbageni, mitaa ya sokoni, mafundi wote ninaowajua wa barabara za Ngamiani, ofisi mbili zenye seva. Sikupata kadi ya aina ile wala mashine yenye mdomo wa SAS ambayo mwenyewe angekubali niifungue. Nikapiga simu Dar es Salaam. Siku ya pili jioni, mtu wa Kariakoo akasema anayo moja iliyotumika, toleo lile lile, laki tatu na nusu, fedha kwanza. Nikatuma. Kadi ikapakiwa kwenye basi la alfajiri siku ya nne. Kutoka Dar kupitia Chalinze na Segera ni kama kilomita 350, na mimi saa nne asubuhi nilishasimama stendi ya Kange nikitazama kila basi linaloingia.

Siku nne hizo zahanati iliandika kwenye daftari la kaunta. Mambo mengi yalikwenda, wauguzi wa zamani hawajasahau kalamu. Ila siku ya tatu alikuja mama na mtoto mwenye homa, akasema mwaka uliopita kuna dawa alipewa ikamvimbisha uso. Dawa gani? Hakukumbuka jina, alikumbuka ilikuwa ya maji na rangi yake. Jina lilikuwa ndani ya diski. Mzee hakutaka kubahatisha, akawatia kwenye bajaji kwenda hospitali ya Bombo. Mtoto alipona, nashukuru Mungu. Lakini nilikuwepo pale mlangoni, na nimelala na lile jambo siku nyingi.

Kadi mpya nikaichomeka. Ikajitambulisha. Kisha skrini nyeusi yenye maandishi meupe ikaniambia imekuta kwenye diski usanidi wa kigeni, yaani uliotengenezwa na kadi nyingine, ikanipa machaguo mawili yaliyokaa moja chini ya lingine: kuupokea, au kuufuta. Mshale mmoja wa kibodi kati ya miaka minne ya zahanati na utupu. Nilizima simu yangu. Nikamwomba binti wa mapokezi asimame karibu nami, anisomee kwa sauti ninachotaka kubonyeza kabla sijabonyeza. Kabla ya kupokea, kadi ikanionyesha inachokiona, na ndipo nilipojua mlio ule ulikuwa wa nini. Diski ya kwanza ilikuwa imehesabiwa mfu. Wiki saba. Kadi ilijua, ikapiga kelele kama ilivyofundishwa, na sisi tukaizibia mlango. Tangu kumi la mwisho la Ramadhani zahanati nzima ilikuwa imesimama juu ya diski moja.

Nikapokea. Data ikaja. Kitu cha kwanza nilichofanya, kabla hata ya kumwambia mzee, ni kunakili kila kitu kwenye diski ya nje.

Naomba hapa nisieleweke vibaya: kadi ile haikuwa mbovu. Ilifanya kazi miaka minne, ikapiga kelele ilipopaswa, ikafa kwa joto na vumbi kama kifaa chochote kingekufa. Ninacholalamikia ni kwamba ilipokufa iliondoka na ufunguo. Kadi za reidi huweka kwenye diski alama zao zenyewe, na kwa uhakika zinasomwa na kadi za ukoo ule ule. Wapo watakaosema, na ni kweli, kwamba kadi nyingi zinapotengeneza kioo huandika alama zao mwishoni mwa diski, kwa hiyo pacha mmoja mara nyingi husomeka hata bila kadi. Lakini "mara nyingi" si kitu cha kumwambia mzee mwenye watoto wa watu. Na kama diski ni za SAS, hata hiyo mara nyingi unahitaji kwanza tundu la kuchomekea.

Ndiyo maana nikimpa mtu ushauri siku hizi siulizi kipi kinaharibika mara chache. Naomba aifikirie siku ya kuharibika yenyewe. Umesimama kwenye kichumba chako, Tanga, saa tano asubuhi, watu wamejaa benchi. Unachokihitaji ili data ifunguke, je, kipo mji huu? Kama jibu ni kifaa kimoja cha toleo fulani kilicho Kariakoo, basi umenunua na safari ya basi. Kama jibu ni kompyuta yoyote na flashi ya Linux, nina kumi dukani kwangu, na fundi wa mtaa wa pili anazo nyingine.

Zahanati nikaijengea upya kwa programu. Mashine ya kawaida ya ofisini, iliyotumika, memori gigabaiti 16. Diski mbili za SATA, terabaiti mbili kila moja, nikazinunua maduka mawili tofauti ili zisiwe zimetoka kiwandani siku moja, kwa sababu pacha waliozaliwa pamoja na kufanya kazi sawasawa wana tabia ya kuugua pamoja. Nikaweka Debian, moja ya matoleo ya Linux, na kioo nikakitengeneza kwa mdadm, programu ambayo ndiyo kawaida kwenye Linux kwa kazi hii. Pacha walianza kulinganishwa baada ya magharibi. Terabaiti mbili kwa mwendo wa megabaiti 150 kwa sekunde ni kama saa tatu na dakika arobaini. Nilikaa na kikombe cha kahawa na kashata, nikitazama mshale wa alama ukisogea. Kwenye Linux hali ya kioo inasomeka kwenye faili moja dogo, na mwisho wa mstari wake kuna mabano ya mraba. Diski mbili zikiwa nzima utaona U mbili, [UU]. Moja ikitoka, mahali pake panakuwa na kistari cha chini. Hicho kistari ndicho nilichotaka mzee akione kwa macho yake.

Kabla ya kumkabidhi nikamwita. Binti wa mapokezi alikuwa anaandikisha majina ya majaribio. Nikachomoa kebo ya diski ya kwanza, seva ikiwa inafanya kazi. Yule binti akaendelea kuandika, hakuhisi kitu. Kwenye skrini yangu [UU] ikawa [_U].

"Sasa twende dukani kwangu, mzee."

Tukapanda bajaji na diski imefungwa kwenye taulo. Dukani nina kompyuta ya zamani ya mezani ambayo wanafunzi wangu wanajifunzia. Nikaichomeka diski, nikaiwasha kwa flashi ya Linux, nikaagiza mdadm ikikusanye kile kioo hata kama ni nusu, kwa kusoma tu. Neno "kusoma tu" ni la lazima: ukiwaruhusu pacha waandike kila mmoja kwake, mbali mbali, kila mmoja atajiona ndiye sahihi na kuwapatanisha tena ni kuchagua yupi umtupe. Ikachukua kama dakika mbili. Majina yakaja. Mzee akavaa miwani, akasoma jina la kwanza, la pili, akashuka mpaka akafika kwa mjukuu wake mwenyewe.

"Kwa hiyo hata kama wewe hupo?"

"Hata kama sipo, mzee. Fundi yeyote."

"Na mwizi je?"

Swali la haki kabisa, na lilinisimamisha. Kinachofunguka kwa kila fundi kinafunguka kwa kila mwizi. Nikarudi nikaifunga sehemu yenye data kwa nywila, usimbaji wa kawaida wa Linux uliokaa juu ya kioo. Nywila ikaandikwa kwenye karatasi ndani ya bahasha, bahasha ikaingia kwenye sefu yake. Umeme ukikatika muda mrefu mpaka seva ikazima, yeye mwenyewe ndiye anayeiandika inapowashwa. Anasema anapenda, anaona kama anafungua zahanati kwa ufunguo.

Diski yenyewe nilikuwa nimeshairudisha na kuiunganisha tena kabla ya kuweka nywila. Kwa kuwa nilikuwa nimewasha daftari dogo ambalo mdadm huweka kujua sehemu zipi zimeandikwa, haikunakili terabaiti mbili upya. Ilinakili yale majina ya binti wa mapokezi tu, na dakika chache [UU] ikarudi.

Programu nayo ina mitego yake, na ningekuwa simtendei haki kijana wangu wa Pangani nisipoisema. Mtego mkubwa ni wa kuwaka. Kadi inamficha kila mtu zile diski mbili, kwa hiyo mashine inawaka tu, yeyote aliyekufa. Kwenye programu, kabla Linux haijaamka hakuna kioo. Miaka ya nyuma niliitengenezea ghala moja seva nzuri, diski ya kwanza ikafa, kioo kikafanya kazi yake bila mtu kujua. Usiku umeme ukakatika. Asubuhi mashine haikuwaka, skrini nyeusi, kwa sababu kipakiaji, ile programu ndogo inayouamsha mfumo endeshi, nilikuwa nimekiweka kwenye diski ya kwanza peke yake. Data yote ilikuwa hai kwenye ya pili, lakini mwenye ghala alikwishapiga simu kwa nduguze akilia. Niliiwasha kwa flashi, nikaweka kipakiaji, tukaendelea. Tangu siku hiyo nakiweka kote kuwili, na kwa mashine mpya zinazowaka kwa njia ya EFI naiandaa ile sehemu ndogo ya kuwakia kwenye kila diski, maana hiyo mara nyingi haimo ndani ya kioo. Na siikabidhi seva mpaka nimeiwasha kwa diski ya kwanza peke yake, kisha kwa ya pili peke yake.

Mtego wa pili ni wa diski za bei rahisi zenyewe. Diski ya kompyuta ya mezani ikikutana na sekta mbovu, yaani kipande kidogo kisichosomeka, hung'ang'ana, inasoma tena na tena, inaweza kupitisha dakika nzima. Linux kwa kawaida huisubiri sekunde 30 kisha inakata tamaa, na diski iliyokuwa na doa moja inatupwa nje ya kioo. Diski za seva huambiwa mapema ziache kung'ang'ana baada ya sekunde chache, pacha ajibu badala yake. Diski nyingine za kawaida zinakubali amri hiyo kupitia programu ya smartctl, mimi huziwekea sekunde 7, na amri inabidi irudiwe kila mashine inapowaka. Isiyokubali, ninaiongezea Linux subira mpaka sekunde 180.

Halafu mlio. Programu haina king'ora. Mdadm inajua kutuma barua pepe diski inapotoka, lakini barua pepe ya kwenda kwa nani, kwenye zahanati? Nilichomeka modemu ya laini ya simu, nikaandika programu fupi: kistari cha chini kikitokea, ujumbe unakwenda kwangu, kwa mzee, na kwa yule binti wa mapokezi, kwa Kiswahili, "DISKI MOJA IMEKUFA. DATA IKO SALAMA. MWITENI FUNDI LEO." Naye binti nikamweleza kwa utulivu kwamba ule mlio wa zamani haukuwa kosa lake. Hakuna aliyewahi kumwambia kitu kinacholia ni nini. Kosa ni letu mafundi tunaoweka vitu na kuondoka.

Pale kadi inaposhinda, inashinda kweli. Kadi nzuri ina kumbukumbu yake yenye betri: programu ikisema "andika hili na usirudi mpaka limekaa", kadi inalipokea kwenye kumbukumbu, inajibu hapo hapo, na umeme ukikatika betri inalishikilia. Diski ya mizunguko 7200 kwa dakika inazunguka mara 120 kwa sekunde, kwa hiyo bila msaada huo miamala ya kukaa diskini moja moja haiwezi kuzidi sana idadi hiyo. Kwa duka kubwa lenye mashine ishirini za malipo, au benki, hiyo ni tofauti ya usiku na mchana. Ila betri nayo huzeeka, hasa kwa joto letu, na ikichoka kadi kwa busara yake inaacha kuitegemea na kila kitu kinakuwa pole pole. Mwaka mmoja kabla ya kifo chake kadi ya zahanati ilifanya hivyo, na sisi tukailaumu programu ya wagonjwa. Leo unaweza kupata wepesi huo kwa diski za SSD za seva, zisizo na kinachozunguka, zenye hifadhi yao ndogo ya umeme ndani, bila kadi. Zahanati yenye wagonjwa arobaini kwa siku haihitaji hata hizo.

Kadi inashinda pia kama unaweka VMware ESXi, mfumo wa kuendesha seva kadhaa za kiprogramu ndani ya mashine moja, ambayo haina kioo chake cha programu kwa diski za ndani. Na inashinda mahali ambapo wa kubadilisha diski ni mlinzi: taa nyekundu, vuta, sukuma mpya, basi. Kama uko hapo, nunua kadi, lakini nunua mbili siku ile ile, ya pili ikae kabatini ndani ya mfuko wake mkavu.

Kitu kimoja sikubaliani nacho kabisa ni ile reidi inayokuja kwenye mazabodi za kawaida, unayoiwasha kwenye menyu kabla ya mfumo endeshi. Inajionyesha kama kadi, lakini kazi inafanywa na dereva, yaani programu, kwenye kompyuta ile ile. Umebeba ugumu wa kufungwa na mtengenezaji mmoja, na kumbukumbu yenye betri huna. Izime.

Kuna kitu kingine ambacho si kadi wala mdadm wanakiweza. Pacha wakitofautiana kimya kimya, herufi moja hapa, nyingine pale, hakuna anayejua yupi mkweli. Debian hulinganisha pacha Jumapili ya kwanza ya mwezi na kuhesabu tofauti, ila haikuambii yupi sahihi. ZFS, mfumo wa kuhifadhi mafaili uliotoka kampuni ya Sun Microsystems, huweka alama ya ukaguzi kwa kila kipande, hivyo inamjua mwongo na kumsahihisha kwa pacha wake. Seva yangu ya dukani iko kwenye ZFS mwaka wa tatu sasa. Ya zahanati nimeiacha kwenye mdadm kwa makusudi, kwa sababu mafundi wanaoijua hapa Tanga ni wengi, na niliahidi fundi yeyote.

Na kijana wangu, kioo si bakapu, si nakala ya akiba. Mwalimu akifuta matokeo ya kidato cha nne kwa bahati mbaya, pacha wote wawili watayafuta ndani ya sekunde hiyo hiyo, kwa utiifu. Zahanati ina diski mbili za nje zinazopokezana, moja iko nyumbani kwa mzee Mabanda ya Papa kila wiki.

Jumamosi nakwenda Pangani. Nimeshanunua diski za shule, maduka mawili, na modemu. Ile kadi ya laki tatu na nusu naichukua pia, na zile diski mbili za SAS, nimkabidhi kijana azishike mwenyewe na ajaribu kuchomeka kebo.